Ukurasa wa Makmende

Herufi M ndiyo iliyotugombanisha. Mpaka L tulikwenda salama.

Kwa wasiotujua: sisi ni wale tunaokutana Jumapili mchana pale Wandegeya, chumba cha juu ya duka la fotokopi, upande wa kupanda Makerere. Mwaka huu tuliamua kutoa kamusi elezo yetu wenyewe, ndogo, ya mambo ambayo mtoto aliyezaliwa Kampala na wazazi wa Kivu atayauliza siku moja. Karatasi 12 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 48. Karatasi ya 13 hatuna hela yake. Kwa hiyo kila neno linaloingia linalisukuma jingine nje, na mimi ndiye niliyepewa daftari na kalamu nyekundu.

Kwenye M tayari tulikuwa na Makerere, ukurasa mmoja na nusu, nimeandika mimi. Tulikuwa na Mugunga, kurasa mbili, ameandika mzee wetu aliyekuwa mwalimu wa historia sekondari kule Bukavu. Ndipo dada mmoja wa kikundi, Mkongomani aliyekulia Nairobi, akasema, "Na Makmende je?"

Vijana wawili wakacheka. Mmoja akaropoka palepale, "Makmende akipanda boda, boda ndiyo inamlipa nauli!" Mzee hakucheka. Alivua miwani. "Mwanangu," akamwambia dada, "ile haiko historia. Ile ni michezo ya batoto. Mugunga tulizika batu. Sasa unataka tupunguze Mugunga juu ya video?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nikasema nipeni wiki mbili nichunguze, nitaleta jibu. Haya ndiyo niliyoyaleta, na namna tulivyoamua.

Nianze na video yenyewe. Tarehe 17 Machi 2010 kikundi cha muziki cha Nairobi, Just a Band, kiliweka YouTube video ya wimbo wao "Ha-He". Hao ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill Sellanga, Mbithi Masya, Jim Chuchu na Daniel Muli. Wimbo ulikuwa kwenye albamu yao iitwayo 82, ya mwaka uliotangulia. Ndani ya video yupo jamaa wa afro kubwa na kitambaa cha kichwani, Makmende, aliyechezwa na Kevin Maina. Anatembea mitaani kama filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, anawapiga wabaya mmoja baada ya mwingine, halafu anaondoka zake. Basi. Mambo yenyewe ni hayo tu.

Lakini katika siku chache Kenya nzima yenye intaneti ilikuwa inamtungia Makmende sifa. Watu walichukua mtindo wa zile sifa za uongo ambazo Wamarekani walikuwa wakimtungia mwigizaji Chuck Norris, wakazivisha nguo za Kikenya: matatu, polisi, mama mboga, wanasiasa. Wakamweka kwenye majalada bandia ya majarida makubwa ya Marekani. Wall Street Journal na CNN wakamtangaza, na ikasemwa kwamba hiki ndicho kichekesho cha kwanza cha Kenya kusambaa mtandaoni kwa kiwango hicho.

Kwa nini mwaka ule? Kwa sababu waya ulikuwa umefika. Kabla ya 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na kutoka hapo mtandao wa haraka ukapanda bara mpaka huku Uganda. Ukiwa na muda wa kungoja video ifunguke nusu saa, hutengenezi Makmende. Mwalimu wa jiografia angeweza kuieleza habari hii yote kwa ramani moja.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Wiki hiyohiyo ya Machi, Wakenya walifungua ukurasa wa Makmende kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Ukafutwa. Wakaufungua tena. Ukafutwa tena, ukahesabiwa kuwa upuuzi. Mmarekani Ethan Zuckerman, mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, aliandika siku zilezile kuutetea: huku mamilioni ya watu wa nchi moja wanazungumza jambo, huku wahariri walioko mbali hawajawahi kulisikia, na kutosikia kwao kunageuka kuwa ushahidi kwamba jambo halipo. Mwaka uliofuata mtafiti wa Afrika Kusini, Heather Ford, naye akalitumia tukio hilo kuuliza ni akina nani wanaokosekana katika kamusi elezo inayojiita ya watu wote. Mwishowe ukurasa ulibaki. Ila angalieni ulibaki kwa nguvu ya nani: magazeti ya New York na televisheni ya Atlanta ndiyo yaliyosema yupo.

Nilipofika hapo nilikuwa nimekasirika, na nikiri kwamba hasira ile haikuwa ya Makmende peke yake. Kuna ofisi moja, zamani kidogo, ambako niliulizwa jina la kijiji nilikozaliwa. Nikalitaja. Aliyekuwa akinihoji akatafuta kwenye kompyuta, akageuza kioo nikione, akasema hakipo. Nikamwambia kipo, nimetoka huko. Akasema tena, hakipo. Aliongea kwa upole kabisa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwangu kuandika pale pale: wafutaji ni walewale, Makmende aingie, tumemaliza. Nililala na uamuzi huo siku tatu.

Halafu nikasoma upya, nikaona kwamba nawaonea wale wafutaji. Kanuni yao inasema hivi: ili kitu kipewe ukurasa, wawepo watu wengine, wasio na uhusiano na kitu hicho, walioandika juu yake kwa kina mahali panapoaminika. Kanuni hiyo si ya kijinga. Wikipedia ilianza Januari 2001, na tangu hapo kila siku kuna mtu anayejaribu kuingiza humo kampuni ya shemeji yake au nabii wake. Na Makmende mwenyewe, jamani, ni mtu ambaye utamu wake wote ni kutungiwa uongo! Fikirini mhariri wa mbali, hajui Nairobi wala Kiswahili, anafungua ukurasa mpya kuhusu shujaa asiyeshindwa na lolote, ambaye juzi hakuwepo. Hata mimi ningefuta. Mimi hapa kwenye daftari nimeshafuta mambo ya watu mara ngapi, na kuna mtu bado hanisalimii kwa sababu ya herufi D.

Tena kuna mfano wa pili, wa hapahapa Kampala, unaoonyesha kanuni hiyo inavyoweza kupitisha kitu upande wa pili. Huo mwaka 2010 ndio mwaka wa filamu Who Killed Captain Alex?, ya Isaac Nabwana, iliyopigwa Wakaliga kwa hela ndogo ajabu, na sauti ya VJ Emmie ikitania juu yake mwanzo hadi mwisho. Mliokaa kwenye vibanda vya video mnaijua kazi ya VJ: filamu inakwenda, yeye anatafsiri, anaongeza chumvi, anamtukana adui kwa niaba yenu. Watu wa nje waliipenda filamu ile, wakaanza kuiga maneno yake. Januari 2018, kwenye mchezo wa kompyuta uitwao VRChat, wachezaji kwa makundi walijivika sura ya Knuckles, yule mnyama mwekundu wa michezo ya Sonic, akiwa amefupishwa na kuharibiwa umbo. Wakawa wanawazingira wachezaji wengine, wanagonga ndimi, wanaigiza Kiingereza cha Kiafrika na kuuliza kama wanaijua njia. Wakamwita Knuckles wa Uganda. Wengi walilalamika kwamba ni ubaguzi wa rangi, hata msanii aliyetengeneza lile umbo la kompyuta alijutia lilivyotumiwa.

Kile kitu kiliandikwa sana. Ukitafuta vyanzo, utavipata mpaka uchoke. Ukipima kwa kanuni ya vyanzo peke yake, Knuckles wa Uganda anaingia bila kubisha hodi. Lakini muulize muuza rolex wa Wandegeya. Mimi nilimuuliza, kweli, huku anavunja mayai. Hakumjua. Akaniuliza kama ni mtu wa Serikali.

Kwa hiyo nikawa na vitu viwili. Kimoja kina jina la nchi hii na maandishi tele, lakini nchi yenyewe haikukitunga. Cha pili kilitungwa na watu wenyewe wa mji wao, kikakosa karatasi. Nikaona swali la ushahidi haliishi kwa kusema "ushahidi ni wa wazungu, tuutupe." Tukiutupa, tutabaki na nini cha kumjibu yule mwenye kompyuta?

Nikampigia dada simu. Nikamwambia, "Dada, wewe ulisema aingie. Nipe sababu isiyo video."

Akasema, "Kaka, video ni ya juzi. Makmende ni wa kitambo."

Na hapo ndipo ilipo historia. Jina lile Just a Band hawakulitunga, walilikuta mtaani. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Clint Eastwood, Sudden Impact, ambamo polisi anamwelekezea mhalifu bastola na kumwambia aendelee tu, amfurahishie siku. Kwa Kiingereza mwisho wa maneno hayo ni "make my day". Watoto wa Nairobi walioziona kanda hizo waliyashika maneno kwa sikio, wakayatamka wanavyoweza, na sentensi ikawa mtu: Makmende. Miaka ya 1990 ukijitia ushujaa, ukiruka ukuta, ukichokoza mkubwa wako, uliulizwa: unajifanya Makmende?

Jambo hili halina ugeni kwetu. Watanzania walikuwa na mfuko wa rambo, ule wa plastiki, mpaka ukapigwa marufuku Juni 2019. Shujaa wa filamu wao humwita steringi, sisi Wakongomani tulimwita akteri, na sote tulijua hafi. Na hapa Wandegeya wanafunzi wasio na hela wanakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, na wenyeji watakuambia jina limetoka kwenye Commando, filamu ya Arnold Schwarzenegger ya 1985. Hollywood ilituma bastola, mtaa ukatoa mfuko, ukatoa chakula, ukatoa tusi la kumrudi mtoto.

Lakini mzee angesema, na angekuwa na haki: nani anathibitisha kwamba neno lilikuwepo kabla ya video? Watu wakishaona kitu kikubwa, wote wanadai walikijua tangu zamani. Ndiyo maana Jumapili ya pili nilimwomba dada aje aseme mbele yake.

Akasema hivi, nami niliandika. Familia yao ilitoka Kivu vita ya 1996, wakafika Nairobi mwanzoni mwa 1997, wakapanga Kayole. Yeye alikuwa na miaka saba, hajui Kiswahili cha pale, watoto wanamcheka kwa "batoto" na "bitu" zake. Ili wamkubali akapanda ukuta wa ploti, akaruka. Akachubuka goti. Mama jirani akatoka na mwiko, akamfokea mbele ya watu: "We msichana, unajifanya Makmende?" Watoto wakamwita hivyo mpaka alipoanza shule. Lilikuwa neno la kwanza la Nairobi kupewa.

Mzee akauliza, "Umri ule unakumbuka mwaka namna gani?"

"Sikumbuki mwaka, baba. Nakumbuka ukuta."

"Ukuta umefanya nini?"

"Ulianguka. Mvua za El Niño ziliuangusha, tukakaa bila ukuta mpaka tulipohama."

Mzee akanyamaza, kisha akacheka kidogo kwa pua, namna anavyofanya akikuta kosa zuri. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu nyekundu. Mvua za El Niño za Afrika Mashariki zilianza kama Oktoba 1997 zikaendelea mpaka mwanzo wa 1998, hiyo kila mtu anaijua, barabara na madaraja yalikwenda. Ukuta ulioanguka kwenye mvua hizo hauwezi kurukwa baada yake. Familia haikuwepo Nairobi kabla ya 1997. Basi neno lilitamkwa Kayole mwaka 1997, kati ya kufika kwao na mvua, miaka zaidi ya 12 kabla ya video, na waliolitamka hawakuwa wakilitunga siku ile, maana watoto wote walilielewa.

"Ile ni Vansina," mzee akasema.

Ikabidi awaeleze vijana. Jan Vansina, Mbelgiji, alikwenda Kasai miaka ya 1950 kukaa na Wakuba, wakati wakubwa wa vyuo vya Ulaya walikuwa wanaamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Akasikiliza wazee, akalinganisha masimulizi, na mwaka 1961 akatoa kitabu, De la tradition orale, kilichoonyesha kwamba maneno ya mdomo ni ushahidi, mradi uyaulize maswali makali kama unavyoiuliza karatasi: nani alisema, alisikia wapi, ana faida gani kusema hivyo, na kuna kitu gani cha nje cha kuyapimia. Mzee alikisoma Bukavu akiwa mwanafunzi. Kisha akatugeukia sote: njia hii ilitokea kwetu Kongo, tena kwa mambo ya wafalme, na leo mnaileta juu ya msichana na ukuta. Sikujua kama ni lawama au sifa. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Nikaongeza nililolikuta katika uchunguzi wangu: mwaka 2011 watu wa Wikipedia wenyewe, wakiongozwa na Mhindi Achal Prabhala, walifanya jaribio India na Afrika Kusini, la kurekodi masimulizi ya watu na kuyatumia kama chanzo pale pasipo vitabu. Wakatoa na filamu yake, People are Knowledge. Kwa hiyo si sisi peke yetu tuliobanwa na jambo hili.

Ikabaki hesabu ya kurasa.

Mzee alikuwa bado amekalia Mugunga zake mbili, na mimi sikuwa na nia ya kuzigusa. Nani mwingine ataandika Mugunga kutoka ndani? Vitabu vinavyoitaja ni vya 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuja, na vya Novemba 1996, kambi ilipovunjwa. Sisi wenyewe tuliokimbilia hapo miaka ya baadaye, tukiwa ndani ya nchi yetu, hatupewi hata mstari mrefu. Kurasa mbili ni chache. Nikafungua Makerere yangu, ukurasa mmoja na nusu, nikaisoma kwa jicho la mtu asiyeniheshimu. Kilianzishwa 1922. Marais wamesoma. Jengo Kuu liliungua Septemba 2020. Yote hayo yameandikwa mara mia, na chuo chenyewe kina maktaba nzima ya kujisifia. Nikaipiga mistari mekundu mpaka ikabaki ukurasa mmoja. Iliniuma, nisidanganye, kulikuwa na sentensi nzuri juu ya marabu wa Wandegeya.

Makmende amepata nusu ukurasa. Video imepewa mistari mitatu, na mzozo wa kufutwa mistari minne. Sehemu kubwa ni ya mtaa: filamu, kanda, sikio la watoto, Kayole 1997, ukuta na mvua. Chini tumeandika "msimulizi: mwanamke, alikuwa na miaka saba", bila jina, kama alivyotaka. Knuckles wa Uganda hakupewa ukurasa wake. Ametajwa chini ya Wakaliga, kwenye W, kwa sentensi moja, na hata hiyo kijana mmoja aliipinga.

Tulidhani tumemaliza, saa ilikuwa kumi na mbili kasoro na mwenye duka la chini anataka kufunga. Ndipo mzee akauliza wingi wake ni nini, maana kila neno kwenye daftari tumelipa wingi wake. Kijana mmoja akasema wamakmende. Dada akasema hapana, Kayole walisema akina Makmende. Mwingine akadai jina linaloanza na ma- tayari ni wingi, kwa hiyo mmoja wao anapaswa kuwa Kmende.

Tumeacha nafasi.